Ombi la Breki ya Wageni Kama Ile ya Bakteria

Aunty Mbithe, Serikali ya Kangemi, sasa?

Natumai mgongo umepoa baada ya kusuka watu huko Kenyatta Market wiki nzima. Nakuandikia rasmi kwa sababu nikiongea kwa nyumba, kila mtu anachangia.

KUH: WAGENI KUJAA

1. Wewe ulimleta Kavata peke yake. Kavata hata hajavua viatu, akapigia Kivuva huko Kitui: "Kuja bana, nafasi iko!" Kivuva naye akaniita mimi, na wengine wakafuata. Sasa chumba moja tuko watano, mmoja akigeuka lazima wote tugeuke. Jumatatu ulisema mgeni mwingine akiingia, wote tunarudi Kitui. Aunty, sitaki kurudi. Ndio nimeanza kushika hii kazi ya kutengeneza simu.

2. Hii shida bakteria walishaimaliza! Nimesoma hadi chaji ikaisha. Ndani ya bakteria kunaishi kaduara kadogo ka DNA, kanaitwa plasmidi. Ni mgeni kama sisi. Kanajitolea kopi, na kopi zikizidi, mwenye nyumba anachoka, hata anaweza kufa. Lakini kopi haitoki kabla plasmidi itoe RNA, kaujumbe kanaonakiliwa kutoka kwa DNA, ya kusema "anza". Sasa sikia maajabu: plasmidi hiyohiyo inatoa RNA ingine fupi, ya kinyume, inashikana na ile ya kwanza kama zipu. Ile ya "anza" inashindwa kujikunja vile inafaa, kopi inakwama. Plasmidi zikiwa mob, yaani nyingi, breki pia ni mob. Hakuna askari, hakuna kelele.

3. Kwa hivyo naomba iwe sheria: kila mtu analala hapa atume voice note nyumbani kila siku, "Usikuje, tumepangwa kama ndizi kwa kreti." Kila siku, kwa sababu RNA ya breki inaoza haraka. Na ifike mapema. Mtu akishafunga begi, hata ukimwambia nyumba imeungua, atakuja kuzima moto.

4. Atakayesikika akisema nafasi iko, anyimwe chapati mwezi mzima na jina lake lisomwe kanisani mbele ya kwaya. Chapati zake apewe Mkuu wa Breki. Hiyo kazi niko tayari kuifanya.

Salimia wasusi wote, na yule jamaa wa nyama choma anayekuongezea mfupa.

Ni mimi mpwa wako mwenye nidhamu,
Kiilu

NB: Kivuva amehamia Riruta jana. Breki moja ikatoka, nyumba ikapanuka ghafla, mkono ukaenda kwa simu wenyewe, ukapigia Kitavi huko Kitui. Si tabia mbaya, ni sayansi: plasmidi zikipungua, breki zinapungua, kopi zinaanza tena. Sasa Kitavi ameshuka stage ya matatu saa hii na gunia la ndengu, zile unapenda. Anasema ameshamwambia Stellah, naye wa huko Kitui, nafasi iko. Aunty, ungekuwa bakteria, ungefanya nini?