Ndimu, Shaba na Kibogoyo

Jumatatu, 3 Machi
Nimepiga deki maabara ya leza nikiimba. Nafasi ya kuandaa karatasi za shaba iko wazi! Anayeipata anaruhusiwa kumweka mtoto chumba cha kulelea, ghorofa ya chini. Kibogoyo wangu, miezi tisa, anashinda kwa mama mkwe. Jana kamwita yeye "mama." Mama mkwe kasema nisione wivu, mtoto huita anayemwona. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma. Nafasi hiyo ni yangu. Bi Funguo wa stoo naye anaitaka. Ajaribu!

Jumanne, 4 Machi
Nimemwuliza Profesa, mkuu wa maabara, kazi yenyewe ni ipi. Kasema leza inaipiga shaba, nyembamba kuliko unywele, na kufumba na kufumbua inakuwa moto usiosemeka, hata haijapata nafasi ya kutawanyika. Elektroni zinazikimbia atomi. Papo hapo wanaipitishia eksirei, na kiasi kinachomezwa kinawaambia zimetoroka ngapi. Nikasema kumbe ni kama kujua watoto wangapi wamekimbia kuoga kwa kutazama waliobaki kwenye beseni. Kacheka! Bi Funguo kanong'ona kwamba shaba haiandaliwi kwa mdomo.

Jumatano, 5 Machi
Nimewahi kazini. Karatasi ya shaba ya jaribio la kesho imefubaa, aibu tupu! Ndimu, chumvi, kitambaa laini. Nikasugua kidogo tu, kama sufuria ya nyumbani. Iko wapi? Imebaki vumbi kwenye kitambaa. Mungu wangu! Nikapekua mkoba: chokoleti. Karatasi yake inang'aa rangi ya shaba kabisa. Nikaikata kwa kimkasi cha kucha za Kibogoyo, maandishi nikayageuzia nyuma, nikaibandika kwenye fremu ya kushikia shaba. Chokoleti nikaila, kufuta ushahidi.

Alhamisi, 6 Machi
Leza imepiga. Profesa katazama kompyuta. Kasema penye shaba mstari wa eksirei hupanda kama ngazi. Huu umelala kama mgonjwa. Bi Funguo kachomoa fremu, kaigeuza, kasoma kwa sauti kipande kilichobaki: "TAMU ZAIDI." Wote wakanigeukia. Nikakiri, na machozi juu: ndimu, chumvi, mpaka habari za mama mkwe. Profesa kauliza nani kaikata. Mimi. Kwa kitu gani? Kimkasi cha mtoto. Kaitia chini ya hadubini, kasema tangu aanze kazi hajaona ukingo ulionyooka hivi. Kanipa mwezi wa majaribio! Sharti moja: ndimu na chumvi zisivuke mlango huu. Bi Funguo kaniita mchawi, kisha kaomba nimwazime kimkasi.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya kwanza! Saa nne nimeshuka kumnyonyesha. Kibogoyo kanyoosha mikono, kasema "mama." Halafu kamwambia hivyo hivyo mlezi, na mpira. Si neno, mimi nimekuwa wa kwanza.
Karatasi mpya za shaba zimefika. Nzuri, ila moja ina doa. Dogo tu. Profesa kakataza ndimu na chumvi. Dawa ya meno hakuitaja. Nimeitia mkobani, karibu na chokoleti mpya, likitokea la kutokea.