Uzinduzi wa Kituo cha Wageni, Chemchemi ya Mlima Tamarack

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kaunti, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mlezi wa Mradi, ambaye pia ni mimi. Mheshimiwa Msimamizi wa Misitu, aliyeomba udhuru. Wazee wa kabila, wenye mlima huu tangu kabla ya ramani. Wadau wa utalii, wawindaji wa kulungu, na nyote mliosimama kwenye theluji kwa hiari yenu, hamjambo! (Watu wanakohoa.)

Mimi, Randall Stubblefield, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu, unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kuzindua Kituo cha Wageni na Urithi wa Wenyeji, chenye ghorofa mbili, makumbusho, na ngazi za mierezi zinazoshuka hadi kwenye maji ya moto, mradi ambao kwa mujibu wa upembuzi yakinifu na mchakato shirikishi umekamilika kwa asilimia mia moja na nne. (Sauti: "Kiko wapi?") Swali zuri. Litajibiwa kwenye kiambatisho.

(Bi Verna Moses, mzee wa kabila, anainua fimbo: "Randall, mimi sitaki ghorofa. Nataka ufunguo wa geti. Leo ni mwaka tangu nimzike mume wangu. Kwetu mjane anaoga maji haya ndipo anatoka msibani, na siku yenyewe ni leo, siyo ukishamaliza vikao vyako.")

Mama Verna, serikali inaheshimu mila, ndiyo maana tukaizungushia chemchemi uzio wa mita tatu. Takwimu zinaonyesha kwamba tangu tufunge geti, miaka miwili sasa, hakuna mgeni hata mmoja aliyeteleza, aliyeungua, wala aliyelalamikia harufu ya kiberiti inayotoka majini. (Lorraine, mdogo wake Bi Verna: "Kwani nani kaingia, wewe?") Hicho ndicho kiashiria cha mafanikio! Na ufunguo upo, mama. Upo katika hatua za mwisho za kutafutwa.

(Lorraine na binti zake wanalishika geti, wanalinyanyua, wanaling'oa kwenye bawaba. Makofi na vigelegele.) Asanteni! Sikujua kiashiria kingewagusa hivi. (Wanawake wanamshika Bi Verna mkono na kuteremka naye. Wanaume wanageuka, wanatazama miti.) Naona wadau wanakwenda kukagua ngazi. Taratibu, ngazi ziko kwenye mchoro! Semeni nami: Urithi! (Wanaume bado wanatazama miti.) Utalii! (Mbwa anabweka.) Maendeleo!

Kwa kuhitimisha, namshukuru mkandarasi, ambaye tutamteua. Mchoraji, aliyetuazima picha ya kituo cha kaunti jirani. Msitu, kwa kukubali kubaki ulivyo. Na zaidi ya wote fundi wa uzio, binadamu pekee aliyewahi kufanya kazi hapa, ambaye kwa weledi wake...

(Kutoka kwenye mvuke, Bi Verna: "Randall! Nyamaza kidogo, mwanangu, nimuage mume wangu.")

(Mheshimiwa anavua kofia. Anakunja karatasi. Kisha, kwa sauti ya chini:)

Asanteni kwa kuja. Kituo hakipo, mama. Oga taratibu.