Kipimahewa na Matawi Yangu

Jumatatu, 15 Novemba 1937
Mzee Efraimu ametamka mbele ya watu: binti yake Felista ataolewa na kijana atakayeotesha ulezi mzuri msimu huu. Tumebaki wawili, mimi na Boazi. Boazi ana mabega. Mimi nina kitabu cha Kiingereza cha hali ya hewa na kipimahewa, chombo chenye sindano ya kuonyesha uzito wa hewa, nilivyoachiwa na mzungu wa kahawa kwa mbuzi mmoja. Maskini Boazi!

Kazi ni kuchoma matawi tuliyorundika shambani tangu kiangazi, ulezi upandwe kwenye majivu. Ukiwahi mno, upepo unabeba majivu. Ukichelewa, mvua inalowesha matawi, huna shamba. Nitachoma siku moja kabla ya mvua. Kisayansi!

Jumanne, 16 Novemba
Nimesoma sura nzima, kwa kamusi. Hewa baridi na hewa ya joto hukutana mpakani, kama sisi na watu wa ng'ambo hapa Tunduma. Ya baridi ni nzito, haibanduki chini. Ya joto humpanda mwenzake mgongoni, ikapoa huko juu, ikawa mawingu, kisha mvua. Yote huzunguka mahali penye hewa nyepesi. Kwa hiyo: mawingu membamba ya juu, sindano ya kipimahewa ishuke, ndipo inyeshe.

Saa kumi jioni sindano ikashuka! Nikatangazia kijiji kizima. Mama Enesi akaanua mahindi yake yote. Halikuanguka hata tone.

Alhamisi, 18 Novemba
Sindano hushuka kila jioni, asubuhi imerudi juu. Mwalimu Anyelwisye kacheka, kasema hapa kwetu ndivyo ilivyo, mvua iwepo isiwepo. Eti kitabu kinaeleza Ulaya, ambako baridi ya kaskazini hupambana na joto la kusini. Eti mvua yetu hutokana na hewa inayopanda kutoka ardhi iliyochomwa na jua, bila mpaka wowote. Nikamjibu hewa ni hewa. Wivu tu! Nitangoja sindano ishuke kweli kweli, inchi nzima.

Ijumaa, 19 Novemba
Milima yote inafuka moshi. Hapa kwetu mmoja akichoma, wote wanachoma. Kondoo! Boazi naye kachoma. Felista alipita akaniuliza ninangoja nini. Nikamwonyesha sindano. Akaitazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nadhani nimeshinda.

Jumapili, 21 Novemba
Mvua! Tulipotoka kanisani, jua kali, wingu moja jeusi likaota juu ya shamba langu. Mawingu membamba hakuna, upepo haukugeuka, sindano haikutikisika. Matawi yangu chepechepe. Nikamwaga mafuta ya taa yote. Yakawaka mafuta, matawi yakabaki. Boazi anapanda huku anapiga mluzi. Nimelia kidogo nyuma ya ghala.

Jumatano, 24 Novemba
Posa ya Boazi imepokelewa, ila harusi ni baada ya mavuno. Muda ninao! Kitabu hakina kosa. Iliyokosea ni mvua. Nimesoma sura inayofuata: nyuma ya hewa baridi huja theluji. Nimebadilisha majembe yangu yote mawili kwa blanketi za Watson, mchuuzi wa ng'ambo. Aliniuliza tena na tena kama nina hakika. Ninayo! Theluji ikianguka, Mzee Efraimu mwenyewe atabisha hodi kwangu akitetemeka, na hapo ndipo nitakapotaja jina la Felista.