Kuhusu Swali la Kumi na Moja Mnalomuuliza Mke Wangu

Lubumbashi, Naviundu, tarehe 9 Mei

Kwa Bwana Profesa Gauthier Mumba, Msimamizi wa Utafiti juu ya Maisha ya Wagonjwa wa Moyo

Bwana Profesa mheshimiwa,

Mimi ni Alphonse Kabwe, mstaafu wa reli, mume wa Kapinga. Moyo wake umevimba tangu miaka mitatu, na kila Alhamisi mwanafunzi wenu, mademoiselle Gaëlle, huja kwetu kumuuliza maswali. Nilikubali kwa moyo mweupe kwa ajili ya sayansi. Leo ninajuta, na sababu ni hizi:

1. Swali la kwanza: "Moyo iko namna gani?" Wakwe zangu ni watu wa Kasai, na kwao "Moyo!" ni salamu. Mashangazi wanne waliingia kumwona mgonjwa, kila mmoja akasalimia kwa adabu, na mademoiselle akawaandika wote kuwa wanalalamikia moyo. Wamepimwa. Mmoja amepewa vidonge vya presha na sasa anajisikia vizuri sana, jambo linalozidi kunikera.

2. Daktari alimkataza Kapinga chumvi. Kwa kumhurumia, mwaka mzima nami nimekula samaki wa chumvi wa Pweto walioloweshwa mpaka wakabaki miiba na jina. Kumbe amemwambia mademoiselle kwamba anashangaa kwa nini sitii chumvi kwenye sahani yangu. Angeniambia mimi, ningetia.

3. Swali la kumi na moja: "Unaogopaka nini?" Bwana Profesa, tumeoana miaka thelathini na minne bila kuulizana jambo kama hilo. Sisi huulizana kama maji yamekuja. Mke wangu alijibu mpaka makaa yakazimika jikoni. Nilikuwa nyuma ya pazia nikitengeneza redio ambayo haikuharibika, nikamsikia akisema haogopi kufa. Anaogopa kuniacha, kwa sababu nitanyamaza mpaka majirani wadhani na mimi nimekufa. Iliniuma sana. Wanasema kuuliza si ujinga. Sawa, lakini anayesikia jibu afanye nini?

4. Tangu siku hiyo ananiuliza asubuhi nimelalaje, na anangoja jibu la kweli.

Kwa hiyo ninaomba swali hilo lifutwe. Ikishindikana, lipigwe marufuku Haut-Katanga yote. Ikishindikana tena, majibu ya mke yapelekwe kwanza kwa mume, kwa maandishi, siku tatu kabla hajayatoa. Na kile kinasa sauti anachowasha mademoiselle kila Alhamisi kiletwe kwangu: ndani yake mna masaa sita ya maneno ya Kapinga ambayo mimi sikuwahi kuyapata.

Pokea, Bwana Profesa, heshima zangu zote. Nisalimie madame, watoto, mademoiselle Gaëlle ambaye sina neno naye, na mlinzi wa lango lenu aliyenirudisha mara mbili.

Alphonse Kabwe

N.B. Jana mademoiselle alisahau karatasi ya maswali mezani. Nilimuuliza Kapinga lile la kumi na moja, nimwonyeshe ubaya wake. Alijibu kwa kifupi, akavaa miwani, akashika kalamu: "Na weye, unaogopaka nini?" Tafadhali Alhamisi mlete karatasi nyingine. Hii imejaa mpaka nyuma, na mimi sijamaliza.