Namba Nne Haonekani

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya kwanza kazini, bustani ya wanyama huku Theta. Kazi yenyewe: kuwatazama tumbili saba wadogo kutoka Amerika Kusini na kuandika kila dakika kumi wanafanya nini. Wamebaki wachache mno duniani, akasema bosi wetu, Madam Ndinda. Nilikuwa sawa mpaka nilipoona hakuna kizimba. Hakuna! Wanaruka mti hadi mti wapendavyo. Mmoja alishuka akanitolea meno. Nikajikuta nyuma ya Wamboi, mwenzangu wa zamu.

"Nicanor, hako ni kadogo kuliko kiatu chako," akacheka.

Kweli. Lakini kiatu changu hakina meno.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa. Stoo ya chakula ina komeo kwa ndani. Nilijifungia humo na daftari la kazi. Saa tatu na dakika kumi: wanakula. Saa tatu na ishirini: wanapumzika. Saa tatu na nusu: Namba Nne, yule jike mwenye mimba, anajikuna kwa furaha. Jioni Madam alisifu mwandiko wangu. Daftari la Wamboi lilikuwa na matope na nafasi tupu kibao. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Wamboi anasema Namba Nne hajaonekana tangu juzi. Madam akafungua daftari langu, akatulia. Akasema Nicanor alimwona jana, basi hayuko mbali, tutafute hapa katikati, kule kwenye ua wa mpaka hakuna haja. Akaniomba nimwonyeshe mti. Kidole changu kikachagua mukima mmoja mrefu. Wamboi akaupanda kwenye mvua, hadi kileleni. Nilitaka kusema. Weh! Nikamshikia viatu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi nikasikia mbwa wakibweka kule kwenye ua, upande wa shamba la kahawa. Nikaenda peke yangu, daftari kwapani. Namba Nne alikuwa juu ya nguzo ya ua, amelowa, anatetemeka kunishinda. Chini yake mbwa wawili wanaruka. Mtu wa kuita hakuna. Wote walikuwa wanatafuta nilikowatuma! Nikarusha daftari la kazi. Mbwa mmoja akalikimbilia. Wa pili akanigeukia mimi. Hapo Namba Nne akaruka, akatua kichwani mwangu! Nilipiga kelele mpaka mbwa wote wakatoroka. Nikatembea hadi ofisini macho nusu yamefumbwa, kucha zake masikioni, nikiomba kwa sauti.

Ijumaa, 7 Juni
Amezaa mapacha, kila mmoja kama kidole gumba. Wazima. Wamboi akaniuliza polepole, "Jumanne ulimwona kweli?" Nikasema hapana. Akanitazama sana. Akasema niende kwa Madam mwenyewe, la sivyo ataenda yeye. Nilienda. Madam alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hao watoto nusura waliwe na mbwa kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Hakunifuta kazi. Nililia mbele ya watu. Nimeapa: uongo kazini basi. Kamwe!

Jumamosi, 8 Juni
Mkutano wa asubuhi. Jumatatu wanaletwa chatu wawili, wakubwa. Madam akauliza nani amewahi kushika chatu. Wamboi akaanza kuinua mkono. Wangu ukafika juu kwanza. Nimewaambia kwetu Kakamega nimelelewa nao.