Jina Letu Si Uthwenshafu

Shamba la Nether Haugh,
Crawburn, Northumberland.
Ijumaa, kabla ya tangazo la tatu.

Kwa Mhariri,
Jarida la Ukoo wa Uthwenshaugh,
Kettering.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU RAMANI, MATAMSHI NA MPANGILIO WA VITI

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wote walio nyumbani. Mimi si mzima, na sababu ni wewe. Lakini mama yangu alinifundisha kwamba hata mtu unayemshtaki husalimiwa kwanza, basi pokea salamu zangu, halafu uketi.

Najua wewe ni mtu wa Kettering. Sikulaumu kwa hilo, maana hakuna anayechagua pa kuzaliwa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

Kwanza, ramani. Katika toleo lenu la mwisho mmechora mahali wanapoishi watu wa jina letu, kila nyumba nukta moja. Kettering na vijiji vyake mmevijaza nukta mpaka karatasi imekuwa nyeusi tii. Norfolk zipo. Hata Cornwall, ambako hakuna mtu wetu aliyewahi kwenda kwa hiari yake, ipo moja. Huku kaskazini, jina lilikozaliwa, sikuona kitu. Nikavaa miwani. Nikaona kidoa juu ya bonde letu, nikadhani ni mavi ya inzi, nikakikwangua kwa ukucha. Binti yangu Hilda akachungulia begani kwangu akasema, "Baba, hiyo ilikuwa nyumba yetu."

Kwa hiyo katika nakala yangu ukoo umekwisha kabisa kaskazini ya mto Tyne, na aliyeumaliza ni mimi. Sasa nakuuliza kwa heshima: alaumiwe mwenye ukucha, au aliyetuchora wadogo kiasi hicho?

Pili, historia. Mmeandika kwamba ukoo wetu "una asili ya kaskazini lakini ulistawi kusini." Ndugu Mhariri, magugu nayo hustawi. Haugh, kwa kinywa cha huku, ni ardhi tambarare kando ya mto, na Uthwen alikuwa mtu aliyepewa tambarare hii kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Mto ukifurika, nusu yake huenda na maji. Majirani walihama, yeye akabaki. Hiyo ndiyo historia yetu yote, kwamba tulibaki. Ni kweli kwamba mababu walikuwa na desturi ya kuvuka mpaka kwenda Uskoti na kurudi na ng'ombe ambao hawakuondoka nao. Hatusemi waliwaiba. Ng'ombe waliwafuata.

Na jina lilifikaje Kettering? Mmeandika "kwa uhamiaji." Neno zuri sana. Huku tunasema lilifika kwa Jacob. Jacob Uthwenshaugh, kitinda mimba, alitumwa kusini na kundi la kondoo. Kondoo hawakurudi, Jacob hakurudi, wala mbwa hakurudi, na katika hao wote ni mbwa anayetajwa kwa masikitiko nyumbani kwetu mpaka leo. Jacob alimpenda binti wa mwoka mikate. Binti akalisoma jina lake kama lilivyoandikwa, na Jacob, kwa kuwa alikuwa na njaa na alikuwa amependa, hakumsahihisha. Alikaa kimya mara moja tu kwa adabu, na leo mna ramani nyeusi.

(Marehemu mke wangu, aliyetoka Wales, alilikosea jina hili tangu siku ya harusi yetu mpaka anakufa, lakini hilo ni jambo tofauti na naomba lisijadiliwe.)

Tatu, matamshi. Jina letu huandikwa Uthwenshaugh na hutamkwa Unsha. Sioni ugumu uko wapi. Zile herufi nyingine hazikuwekwa pale ili zisomwe. Zipo kwa heshima, kama wakwe kwenye sherehe: kazi hawafanyi, lakini huwezi kuwaondoa. Nyinyi mnazisoma zote moja baada ya nyingine, na mkifika mwisho mnaongeza "fu" ambayo haimo kabisa. Uthwenshafu! Hilo si jina, huyo ni mtu amepiga chafya akiwa na kijiko mdomoni. Wale wa Norfolk humalizia "shuu," kama wanafukuza kuku. Yuko mmoja New Zealand ambaye amechoka, siku hizi anajiita Hugh. Huyo namheshimu kuliko nyote.

Nne, viti, na hapa ndipo ubaya wenyewe ulipoanzia. Katika mkutano wa ukoo wa mwaka jana, kwa kuwa sote tuna jina moja, mliamua kutupanga kwa herufi za majina yetu ya kwanza. Sikuona hatari. Mimi Wilfrid nikaketi na wenzangu wa W kwenye mlango wa choo, kati ya Walter wa Norfolk na Wendy ambaye hasikii. Kule mbele mlimkalisha Hilda wangu, na ubavuni pake mkamweka kijana wa kwenu, Gavin. G na H! Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba hakuna kitu kati ya G na H. Mngeshindwa nini kuweka hata chungu cha maua? Supu ilipoletwa walikuwa wanacheka. Pudini ilipoletwa Hilda alikuwa anamwonyesha picha za kondoo wetu kwenye simu, mmoja mmoja, kwa majina. Mwanamke wa bonde hili akifikia kukutajia kondoo wake kwa majina, mambo yamekwisha.

Sina ugomvi na Gavin mwenyewe. Ni fundi wa paa, hanywi kupita kiasi, na ameamua kuhamia huku badala ya kumchukua Hilda kule. Majira ya kuzalisha kondoo alikuja kutusaidia, akapigwa teke gotini na jike mmoja, akamwomba jike msamaha. Kijana mzuri. Lakini jina lake ni lilelile letu na kinywa chake ni cha Kettering. Wanawake wengine wakiolewa hubadili jina. Wangu atabadili jina bila kubadili herufi hata moja.

Nilipomweleza Hilda alicheka. "Si ndiyo raha yake, Baba! Leseni ileile, kadi ya benki ileile. Hata kibao cha getini hatukigusi."

Ndugu Mhariri, hicho kibao ndicho kinachoniuma. Hilda ni wa mwisho. Mimi nikiondoka na yeye akiwa amezoea kuitikia jina la kwenu, hapatakuwa na mtu duniani anayesema Unsha. Jina litabaki getini, litabaki makaburini, litabaki kwenye ramani yenu, na litakuwa limekufa, na hakuna atakayejua maana litakuwa bado limeandikwa vizuri. Mtu wa jina la kawaida hawezi kunielewa. Nilidhani wewe utanielewa.

Tano, kanisa. Ndoa huku hutangazwa Jumapili tatu, na kila mara Mchungaji huuliza kama yupo anayejua pingamizi. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akijibu. Mchungaji wetu Philippa ni mgeni, ametoka Leeds, na Jumapili ya kwanza alifika kwenye majina yale mawili, akayaangalia, akameza mate, akayasoma yote kama mnavyoyasoma nyinyi. Jirani yangu Bibi Enid Robson, ambaye sauti yake ni ya kuitia mbwa mlimani, akauliza:

"Hao ni akina nani? Wageni?"

"Ni Hilda wa Wilfrid," akaambiwa.

"Hilda wa Wilfrid ni Unsha. Huyo aliyetajwa simjui mimi. Maskini, anaolewa ugenini, hana hata ndugu."

Hapo Mchungaji akauliza kuhusu pingamizi. Nikasimama.

"Ninalo," nikasema.

Watu waliokuwa wanatafuta kurasa za wimbo wakaacha. Mchungaji akafunga kitabu taratibu. "Mzee Wilfrid, unataka kusema kijana ana mke mwingine?"

"Afadhali angekuwa naye. Mke mtu anaweza kuachana naye."

"Ni ndugu wa damu?"

"Kwa ile ramani, sote ni ndugu."

"Basi pingamizi lako hasa ni nini?"

"Fu," nikasema.

"Fu?"

"Hiyo fu ya mwisho. Haimo."

"Kaa chini, we Wilfrid!" akasema Enid. "Unatutia aibu, na mimi nyama yangu iko kwenye oveni."

Tangu siku hiyo Hilda hasemi nami. Husema na mbwa. "Mwambie Baba chai iko mezani. Mwambie Baba akisimama tena, kwenye harusi atakaa nje na wewe." Mbwa hunitazama kwa huruma. Jumapili ya pili Hilda aliketi juu ya mkia wa koti langu, na swali la Mchungaji likapita nikiwa nahangaika kama kondoo aliyenasa kwenye ua.

Sita, sheria. Nimeambiwa kwamba huko kwenu pia matangazo yanasomwa, na kwamba anatangazwa Hilda Uthwenshafu. Mtu huyo hayupo. Hajazaliwa, hana shamba, hana baba. Ndoa itakuwa basi kati ya mtu aliyepo na mtu asiyekuwepo, na wajukuu wangu watakuwepo nusu. Nusu ipi ndiyo itakayolisha kondoo? Mmelifikiria hilo huko mnakochora nukta?

Kwa hayo yote naomba mambo machache tu. Ramani ichapwe upya, na nukta zipimwe kwa ukongwe badala ya idadi, yetu iwe na ukubwa wa yai la kukaanga. Watu wa Kettering wachague: waliandike jina wanavyolitamka, au walitamke tunavyolitamka sisi. Mtu yeyote wa ukoo anayeelekea kaskazini asimamishwe kwenye daraja la Tyne na kuombwa alitaje jina lake, na akikosea apewe chai na kurudishwa. Iandikwe barua ya kuomba radhi kwa ajili ya mbwa wa Jacob. Katika mkutano ujao G na H watenganishwe kwa meza nzima, na W tusogezwe mbali na choo. Mwisho, kikao cha ukoo kimwandikie Gavin rasmi kwamba anaweza kumwoa Hilda kwa baraka zangu zote, ila ile fu aiache kwenye stesheni ya Kettering, mizigo yake mingine aje nayo.

Ukikataa, Jumapili hii nitasimama tena. Safari hii nitavaa koti fupi.

Naomba usiione barua hii kuwa ya uadui. Nisalimie kamati yote, nisalimie Wendy kwa sauti kubwa, nisalimie mama wa jikoni aliyepika ile supu, ambaye hana hatia. Hata wale wa Norfolk nisalimie, wakikaa kimya kidogo.

Ni mimi, ndugu yako kwa maandishi,

Wilfrid Uthwenshaugh
(soma: Unsha)

Tanbihi. Nilikosa stempu, kwa hiyo barua ilibaki mezani na naongeza haya leo Jumapili, baada ya chakula. Nilikwenda kanisani na koti langu fupi. Gavin alikuwepo, na alikuwa amekuja na mama yake, Bi Maureen, mjane, aliyetoka Kettering alfajiri ili asikie jina la mwanawe likisomwa kanisani kwetu. Alikuwa na kofia mpya. Aliketi mbele yangu, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mchungaji Philippa, nadhani kwa kuniogopa, aliyasoma majina yote mawili kwa matamshi ya huku, safi kabisa, kama aliyezaliwa bondeni. Gavin Unsha. Hilda Unsha. Ndicho nilichokuwa nakitaka maisha yangu yote, na nilikifurahia kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha nikamwona Bi Maureen akigeuka nyuma na kumwinamia Hilda, aliyeketi ubavuni pangu.

"Wa kwetu bado hajatajwa?" akanong'ona.

Mchungaji akauliza kama yupo mwenye pingamizi, akanitazama. Kanisa zima likageuka. Enid akasema, "Basi tena, nyama imeungua." Hilda akapapasa nyuma yangu kutafuta mkia wa koti, hakuupata, akafumba macho. Nikasimama.

"Ninalo," nikasema. "Kijana umemsoma vibaya, Mchungaji. Anaitwa Uthwenshafu. Rudia, mama yake hajamsikia."

Akarudia, pamoja na ile fu.