Mutoto Ataitwa Godelieve

Siku ya kwanza ya juma, 5 Mei
Mujukuu amezaliwa! Mwanamuke! Binti yangu Hortense alimungoja miaka mingi. Nililia mbele ya nesi, bila haya. Halafu nikauliza jina. Ruphin, mukwe yangu, akasema banafikiria Exaucée, ni kusema maombi imejibiwa. Exaucée! Kwa avenue yetu hapa Katuba, ukiita Exaucée, batoto bane banageuka, na imbwa ya jirani pia. Najua ni mama yake Ruphin, Mama Delphine, njo anaitaka.

Mimi nataka Godelieve, jina ya marehemu bibi yangu, mama yake Hortense. Tangu alikufa, hakuna mutu anaiita kwa sauti kwa hii nyumba. Naiita mimi peke yangu, kwa kichwa. Haitoshi.

Siku ya tatu, 7 Mei
Nimepata mupango! Hortense anapenda mode, mambo ya kisasa. Nikaenda kwa Mwenya, mwenye kusuka nywele kwa kona, nikamuomba amuambie Hortense kwamba Godelieve imerudi kwa mode, hata kule Kinshasa. Akauliza jina inatoka wapi. Ah! Nikamueleza: ya mutakatifu moja wa Bulaya, kwa Baflamand. Masista njo baliileta. Zamani, kwa kila bench ya kanisa ulikuwa unapata ba-Godelieve babili. Halafu bamama benye kuibeba bakazeeka, bakaenda nayo. Mwenya akapangusa macho. Mwanamuke mwenye mimba kubwa alikuwa anasukwa pale. Naye akapangusa.

Siku ya tano, 9 Mei
Ule mwanamuke amezaa. Godelieve! Dada yake wa Kinsevere naye ana mimba, naye anaitaka. Mawe! Nimeuza jina bure! Hortense akacheka, akasema kumbe mode imerudi kweli, basi yeye hataki jina ya kila mutu.

Siku ya posho, 10 Mei
Mupango ya pili. Mutoto analia sana, na desturi bazee tunaijua: unaita majina ya bababu moja moja, na ile yenye atanyamazia, njo yake. Nikaita Mama Mukuka, jirani muzee wa parcelle ya nyuma, akuje kuita. Mimi nikaficha funguo kwa mufuko. Akifika kwa Godelieve, nachezesha funguo, mutoto ananyamaza, mambo imekwisha.

Akaita Mutale. Kilio. Katongo. Kilio. Mama Delphine akasema mujaribu basi na jina yangu, Exaucée. Nikashituka, funguo zikaanguka chini, kelele! Mutoto kimya. Kwa jina ya Delphine! Ule mama alicheka mpaka kitambaa ya kichwa ikatoka. Nilikataa kula bukari, nikalala.

Siku ya yenga, 11 Mei
Kisha misa, Hortense akaikala karibu na mimi. Akasema jina aliishachagua tangu mimba: Godelieve. Alitaka kunishitusha leo, mbele ya bote. Mambo ya mode ilikuwa kunichokoza tu. Akasema, mode gani, Papa, huyu ni mama yangu. Nililia tena. Mama Delphine akanishika mukono, akasema yeye njo wa kwanza kukubali. Yeye! Nilimupa kiti yangu.

Siku ya pili ya juma, 13 Mei
Hakuna mutu anaita Godelieve! Hortense anamuita Mama. Ruphin anamuita Mama-mukwe, na anainama. Nikalalamika. Hortense akauliza kama nataka apige jina ya mama yake kelele mbele ya bantu. Heshima! Na mimi nimebeba jina ya babu, baba ya mama yangu. Mama yangu hakuniita Stanislas hata siku moja, aliniita Papa mpaka kufa. Namna gani nilisahau?

Lakini mujukuu ni bibi yangu, na bwana haogopi jina ya bibi yake. Bote balipotoka inje, nikainama kwa kitanda, nikaita: Gode. Kwa sauti. Akafungua macho, akaniangalia. Nimemumiss sana bibi yangu. Nikaita tena.

Siku ya yenga, 18 Mei
Estelle, mudogo wake Hortense, ana mimba! Akizaa mwanamuke, ni Godelieve. Na nimefikiri vizuri: tutasema ni homonyme, amebeba jina ya mutoto wa Hortense, hapana ya mama yao. Ya mutoto munaweza kuiita kwa kelele, mpaka kwa barabara. Estelle tayari anasema anataka Exaucée. Haina neno. Kesho asubui naenda kwa Mwenya. Hii mara nitaeleza kidogo tu.